Bonanza la ofisi: kabla hujaagiza fulana

Ukitaka kujua kama bonanza limezaa kitu, angalia watu wanavyokaa kwenye Coaster wakati wa kurudi. Kama wa uhasibu wamejazana mbele, madereva wako nyuma peke yao na bosi kaondoka na gari lake, basi mmekula kuku wa bure tu.

Nipo kitengo cha utumishi hapa Dar es Salaam, na kazi ya kuandaa siku hizi huniangukia mimi. Wenzangu wa kampuni nyingine huanza kwa kuuliza waende wapi: Bagamoyo, Bongoyo, au wapande SGR mpaka Morogoro? Mahali si hoja. Hoja ni mtafanya nini ambacho mtu wa stoo hawezi kukimaliza bila mtu wa masoko.

Ndiyo maana napenda kupika. Timu za watu sita, zipangwe kwa kura na siyo kwa idara. Kila timu ipewe jiko la mkaa, sufuria, mchele, nyama na viungo, na mpishi wa kukodi asiwepo. Hapo vyeo vinapinduka. Meneja anajikuta anamenya vitunguu swaumu, na anayemwelekeza ni dada wa usafi ambaye mtaani kwao ndiye anayepika pilau la shughuli. Yeye ndiye anayesema vitunguu bado, viacheni vigeuke kahawia ndipo mtie binzari nyembamba na iliki. Yeye ndiye anayeamua maji yamekauka kiasi cha kufunika na kupalia makaa juu. Nilimsikia mkuu wa fedha akiuliza kwa upole, "Dada, nikoroge sasa?" Akajibiwa, "Ukikoroga sasa unatuharibia, bosi. Weka mwiko chini." Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Baada ya siku ile nilianza kusikia yule dada akiitwa kwa jina lake koridoni.

Kwa upande wa michezo, kuvuta kamba hakuna mfano. Anayefuatilia SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, anajua kamba inavyopandisha watu mzuka. Miraba minne peke yake haitoshi: timu nyepesi inayovuta kwa pamoja, ikifuata sauti ya mmoja, inawaburuza mabaunsa wanaovuta kila mtu kwa wakati wake. Mwenye magoti mabovu au mjamzito awekewe bao, karata na drafti, tena pointi zake zihesabiwe kwenye timu, asiwe mtazamaji. Mbio za magunia na kukimbiza kuku ni za kuchangamsha tu.

Ule mchezo wa kujiangusha chali ili wenzako wakudake, achaneni nao. Mama wa watu kavaa baibui lake, adakwe na vijana wa TEHAMA kwa sababu gani? Mhamasishaji wa kulipwa naye simtaki. Anaongea weee, watu wanachati.

Siku nayo ina mambo. Jumamosi umewaacha Wasabato, Jumapili watu wako kanisani, Ijumaa kuna swala. Mimi huchagua Alhamisi, ndani ya saa za kazi, maana wikiendi ya mfanyakazi ina harusi, vikao na nguo za kufua. Nyama iwe ya kuchinjwa kihalali, na watu waambiwe mapema ili asiwepo wa kula kwa wasiwasi.

Lakini ukinibana nitaje kinachowaunganisha watu kuliko vyote, nitakwambia ni mfuko wa kufa na kuzikana. Waliosafiri pamoja usiku kucha kwenda kumzika mzazi wa mwenzao Songea, wakalala kwenye mikeka ya msibani, wakaamka kusaidia kuchota maji, hao hawahitaji tena kufundishwa kushirikiana. Ofisi isiyo na bajeti ianzie hapo: mchango mdogo wa kila mwezi, kiwango kimoja kwa bosi na kwa mlinzi, mweka hazina achaguliwe na wanachama. Andikeni katiba hata ya ukurasa mmoja, na mtaje waziwazi msiba wa nani unahusika: mzazi, mwenza, mtoto. Wakwe wamo au hawamo? Lijadilini hilo kabla hajafa mtu.