Muulize Mjomba Fundi: Dakota nzuri, ngazi kama nguzo ya umeme

*Shikamoo Mjomba. Mimi kijana wa Makorora hapa hapa Tanga. Nina ndege ya kuunga, Dakota, ile ndege ya abiria ya zamani ya injini mbili, skeli ya 1/48, yani ndogo mara 48 kuliko ya kweli, kaniletea kaka yangu anayeishi Uingereza, nimeimaliza na rangi nimeshapiga. Sasa nataka niiweke kwenye ubao iwe kama imepaki kiwanja cha Tanga enzi za shirika la ndege la East African Airways, pembeni kuwe na mapipa ya mafuta, ngazi, kibanda cha bati na kamba za kufungia. Vitu hivyo mtandaoni vipo ila ukijumlisha bei na usafiri na ushuru unakuta bora ununue Dakota nyingine, kwa hiyo nikaamua nitengeneze mwenyewe. Ngazi nimetumia njiti za kuchokolea meno, pipa nimekata kalamu ya maka. Lakini nikiangalia naona havikai, vinaonekana vya kitoto na sijui kwa nini. Picha nimekutumia. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Picha nimezitazama zote nne, tena nikavaa miwani, na Dakota umeipatia kwelikweli, hasa ule mshono wa bawa na tumbo, wengi huwa wanauacha na ufa. Kosa liko kwenye unene, na wala si wewe peke yako, wote tumepita hapo.

Chukua rula upime hiyo njiti ya kuchokolea meno. Inakuja milimita 2. Sasa zidisha mara 48 unapata 96, yani karibu sentimita 10. Abiria wako wanapandia magogo! Ngazi ya kweli mguu wake una sentimita 4 au 5 tu. Halafu njoo kwenye pipa, hiyo maka kama picha haidanganyi ina milimita 17 kwa upana, ukizidisha ni sentimita 81 na ushee, wakati pipa la lita 200 tunalolijua wote, lile la kuchomea nyama na kuhifadhia maji, lina upana wa sentimita 58 hivi na urefu 88. Lako mtu mzima anachutama ndani na mfuniko unafungwa. Jicho halijui hesabu lakini linajua pipa, maana limeliona tangu utotoni, ndo maana unaona kuna kitu hakikai.

Kwa hiyo kabla hujakata chochote, pima, zidisha mara 48, kisha jiulize kama kitu cha unene huo kipo duniani. Mimi nimeandika vipimo kwenye karatasi nimebandika ukutani. Karatasi ya ofisi ina kama milimita 0.1, maana yake nusu sentimita. Njiti ya kiberiti ni milimita 2, ngazi haifai lakini kwa kigingi cha kuzuia gurudumu inafaa sana, maana vile ni vipande vya mbao nene. Spoki ya baiskeli nayo ni milimita 2, hiyo ni bomba la kuvutia ndege safi kabisa, na hapa Tanga mtu akikwambia kakosa spoki kuukuu huyo hajatoka nje, mwombe fundi baiskeli yeyote atakupa za bure na stori juu. Na kile kikadi unachovunjia laini ya simu ukakitupa, usikitupe tena, unene wake ni kama robo tatu ya milimita, ambayo kwetu ni ubao wa sentimita tatu na nusu. Kikwaruze kwa msumeno wa chuma kwa urefu, piga rangi ya kahawia, hakuna atakayeamini si mbao.

Haya, pipa. Hapa nitakaa kidogo maana pipa ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote.

Nenda duka la dawa ukanunue bomba la sindano la 5cc, jipya, nasisitiza jipya, usije ukaokota la mtu ukaniletea matatizo, na ile sindano yenyewe mwachie muuzaji hukohuko. Bomba hilo kwa ndani lina upana wa kama milimita 12. Kata pua ya mbele kwa msumeno mdogo pale inapoanzia alama ya sifuri, libaki bomba wazi lenye pistoni. Paka mafuta ya kula ndani, kidogo tu kwa ncha ya kidole. Vuta pistoni hadi alama ya 2, simamisha bomba mdomo juu, mimina jipsamu, ule unga wa dari uliokorogwa na maji uwe mzito kama uji wa mtoto, gongagonga ili mapovu yatoke, sawazisha juu kwa kikadi. Kaa kama nusu saa, unywe chai, kisha sukuma pistoni taratibu. Linatoka pipa. Nilipolipata la kwanza nilimwita mke wangu jikoni aje aone, akaniuliza hii ni chaki?

Sasa hapo bado ni chaki kweli. Likikauka vizuri, mpaka kesho yake, lipake supa gluu nyepesi ili lisimomonyoke, halafu lizungushie karatasi ya ofisi mzunguko mmoja, lakini hiyo karatasi uikate izidi nusu milimita juu na nusu milimita chini. Huo uzidi ndo ukingo wa pipa, pale mtu anaposhika akilibiringisha, na upana wote unakuwa milimita 12.2 ambayo ndo sentimita 58 zetu. Pipa lina mikanda miwili inayoligawa sehemu tatu, hiyo tafuta kwa fundi anayesuka mota za feni, mwombe waya wa shaba mwembamba kabisa kama unywele mnene, zungusha mara moja, bana na tone la gluu, kiungo ukigeuze nyuma kisionekane. Juu weka matone mawili ya gluu nyeupe ya mbao, moja kubwa la milimita 1 na lingine nusu yake, yakabiliane pembezoni. Ndo vifuniko vya kumiminia na kupumulia. Na kabla ya rangi ligonge kidogo na kijiko, pipa la kiwanjani lisilobonyea halipo. Kutu weka chini kwenye ukingo ambako maji hukaa, usipake mwili mzima, ukipaka mwili mzima umetengeneza pipa la takataka.

Ngazi ni rahisi sasa. Chomoa njiti ya chelewa kwenye fagio, usitumie upande wa shina, nenda kwenye ncha mpaka rula iseme milimita 1. Hiyo ni kama sentimita 5, mguu wa ngazi halali. Vipandio vyake tumia ncha zaidi ya hapo, na achanisha milimita 6, maana ngazi nyingi huacha kama sentimita 30 kati ya hatua na hatua. Chora kwanza kwenye karatasi, bandika nailoni juu, jenga ngazi juu ya mchoro, ikikauka unaibandua. Uilaze mlangoni upande wa kushoto nyuma ya bawa, huko ndo mlango wa Dakota ulipo, nimeshaona mtu kaweka ngazi kulia penye ukuta mtupu na madirisha, abiria sijui wanaingia na nini.

Kibanda cha bati, hapa nitakupa siri niliyoipata gereji. Migongo ya bati la kawaida inapishana milimita 76, gawa kwa 48 unapata 1.6. Bolti ya spana 17 nyuzi zake zinapishana milimita 1.5. Umeona? Tafuta bolti ndefu yenye nyuzi mwanzo mwisho, chukua kontena la foili lililokuja na biriani, lioshe, kata kipande cha milimita 16 kwa 62 hivi, ambacho ni bati la mita tatu, kilaze juu ya kitambaa laini au pedi ya mausi, biringisha bolti juu yake kwa kugandamiza, mara moja tu bila kurudia. Migongo inasimama yenyewe. Fanya bati moja moja na uzipishe mgongo mmoja ukiezeka, usifanye paa zima kwa foili moja, paa la namna hiyo linajulikana hata kwa mbali.

Kamba wala usinunue, uko Tanga bwana! Unyuzi mmoja wa mkonge, wa robo milimita hivi, kwenye skeli yako ni kamba ya zaidi ya sentimita moja, kamili kwa kufungia mabawa na mkia chini. Na raha yake ni kwamba kamba nyingi za kweli zama hizo zilikuwa za katani hiyohiyo. Uloweshe kwanza ulainike, ufunge, halafu uache ulegee kidogo katikati. Kamba iliyonyooka kama rula haipendezi.

Ardhi sasa, na hapa nina kidonda. Diorama yangu ya kwanza, yani ubao wenye ndege na mandhari yake, nilikwenda ufukwe wa Raskazone nikachota mchanga, nikaumwaga kwenye gluu, ukawa mzuri mno nikapiga na picha. Miezi miwili haijaisha nikaona madoa meupe yanaota chini ya matairi, na siku za mvua ubao unatoa jasho. Chumvi, mwanangu, chumvi ya bahari inavuta unyevu, na mji wetu unyevu haukosi. Ukitaka mchanga wa pwani uoshe mara tatu nne kwa maji ya bomba, uanike, uuchekeche kwa soksi ya nailoni. Halafu rudi kwenye hesabu yetu: punje ya nusu milimita ni jiwe la sentimita mbili na nusu, ndege haipaki kwenye kokoto. Vumbi la udongo lililopita kwenye soksi ndo linafaa. Limwage kavu, kisha lidondoshee gluu nyeupe iliyozimuliwa na maji pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo, bila sabuni maji yatabaki juu kama shanga na vumbi litakimbia.

Cha mwisho, chafua. Dakota ina injini mbili za silinda 14 kila moja, na injini za aina ile hutiririsha oili zikikaa. Weka sinia chini ya kila injini, likate kwenye kopo la soda, upana milimita 12, ndani tone la rangi nyeusi na vanishi. Na kwa kuwa imepaki, weka vibao vyekundu vya kubana usukani wa mkia na vibawa vinavyocheza nyuma ya mabawa visipigwe na upepo, kila kimoja kining'inize utepe mwekundu wa karatasi. Vitu viwili hivyo vinamfanya mtu aamini rubani kaenda kunywa chai.

Kuhusu enzi, angalia usichanganye. East African Airways ilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo za mbawa mbilimbili za Rapide, Dakota zikafuata, na shirika lenyewe likafa 1977. Ukiweka bodaboda pembeni ya hiyo Dakota nitakucheka.

*Habari za kazi Fundi. Mimi ni mama wa Muheza, siungi ndege, anayeunga ni mume wangu tangu astaafu. Anabandika vioo vya ndege kwa supa gluu na vinageuka vyeupe kama vimepata ukungu, anakasirika nyumba nzima hatuongei. Kuna dawa? Na fagio langu la chelewa linaisha, nahisi nimejua linaenda wapi.*

Nzuri mama, pole na nyumba. Ule weupe ni mvuke wa supa gluu, ukikauka unatua kwenye plastiki, na akifunga ndege yote kabla gluu haijakauka unabaki ndani hautoki. Mwambie vioo abandike kwa gluu nyeupe ya mbao, inapakwa nyeupe inakauka haionekani. Vilivyokwisha kuharibika, kama ukungu uko nje, asugue taratibu kwa dawa ya meno na pamba, vingi vinarudi. Kama uko ndani, ndo hivyo tena, apake rangi ya pazia.

Fagio, mama, hapo sina la kusema. Akununulie mawili.

*Mambo anko, niko form two Pangani, yangu ni ndogo skeli 1/72. Bolti ya spana 17 nimesikia kwa rafiki yangu uliyemfundisha, mabati yanakuja makubwa. Nitumie nini?*

Poa mpwa. Kwako migongo inatakiwa ipishane kama milimita 1, tumia bolti ya spana 10. Na usiikaze sana kwenye foili, hiyo ndogo inachana.