Anza na vifaranga 100, mafao yasubiri

SWALI: Ni mwalimu wa sekondari, nastaafu mwakani nikitimiza miaka 60. Nikipata mafao nataka kujenga banda la kuku wa nyama 1,000. Sijawahi kufuga. Mnanishauri nini?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kuku si wazo baya, ila usijifunzie kazi mpya kwa fedha za uzeeni ilhali mshahara bado unaingia. Jifunze sasa, kwa vifaranga 100.

Hao wanatoshwa na mita za mraba 10. Kabla hawajafika, banda liwe na joto la nyuzi 32 hadi 34, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Watazame wenyewe: wakirundikana karibu na jiko wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hupoa sana, na vifaranga wakisikia baridi hulaliana hadi kufa.

Chanjo kwa kawaida ni za magonjwa mawili ya kuku: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Ratiba aithibitishe afisa mifugo wa kata. Usichanganye chanjo na maji ya bomba yenye klorini, yanaiua. Wanyime maji saa moja kwanza, na chanjo waimalize ndani ya saa mbili.

Chakula hadi wiki ya tano ni karibu mifuko 7 ya kilo 50. Hasara kubwa huja baada ya hapo. Kuku 100 waliokomaa hula zaidi ya kilo 15 kwa siku, kwa hiyo siku tatu za kusubiri mnunuzi zimekula karibu mfuko mzima na faida imekwenda nao. Tafuta wateja mapema, vifaranga wakiwa na wiki mbili: mama lishe, wauza chipsi, wenye bucha. Tunajua ni vigumu kwa mwalimu kubisha hodi kwenye kibanda cha chipsi, pengine mwenyewe ni mwanafunzi wako wa zamani. Hata hivyo nenda mwenyewe, usitume kijana. Bei na uzito mkubaliane ana kwa ana.

Kila gharama iandike kwenye daftari, hata maranda na mkaa. Baina ya mzunguko na mzunguko, banda lisafishwe na likae tupu wiki mbili. Ukipata faida mizunguko mitatu mfululizo, panua hadi kuku 300. Banda la 1,000 tuulize tena wakati huo, ukiwa na daftari mkononi.