Usiandike "borrowed the Member" kwenye mapatano ya chama

Weka kalamu chini kwanza, dadangu. Umeomba msaada wa kuandika mapatano ya mkopo ambao chama chenu cha akiba hapo Nakuru kinampa mwanachama. Hiyo sentensi uliyobandika, "The Group has borrowed the Member Ksh 30,000", ikipigwa muhuri Jumamosi, chama kitakuwa kimejiandikia deni chenyewe. Wewe unaomba visawe vya "borrow" usirudierudie neno, unauliza kama "loan" ni jina ama kitenzi, unauliza na kamusi ya kununua. Nyumba inaungua na wewe unachagua pazia.

"Borrow" ni kukopa. Katika Kiingereza sanifu si kukopesha. Anayetangulia kitenzi hicho ndiye mdaiwa, awe mtu, chama au benki. Anayekijua Kiingereza akisoma "The Group has borrowed", ameshaona chama kimechukua pesa. Akifika kwa "the Member" anakwama, maana "borrow" haifuatwi na mtu, hufuatwa na kile kinachokopwa. Mkiwa na amani hakuna atakayegundua. Mwanachama akishaamua halipi, atatafuta mtu wa kumsomea karatasi hiyo vizuri, na huyo ataanzia papo hapo. Mimi somo hili lilinichukulia Ksh 45,000 na shemeji mmoja. Shemeji simlilii sana.

Tunakosea, nadhani, kwa sababu ya "azima". Kiswahili kinakuruhusu kusema "nimeazima jembe kwa jirani" na pia "jirani, niazime jembe", kitenzi kilekile kinaenda na kurudi. Labda ndiyo maana kuanzia Kisumu hadi Kakamega utasikia "borrow me your pen" na hakuna anayeshtuka. Si ujinga: Mjerumani naye ana "borgen", inayomaanisha kukopa na kukopesha. Lakini Kiingereza cha leo kimeligawa jambo hili mara mbili. Sisi tuna "kopa", tukiongeza -esha tunapata "kopesha", biashara imeisha. Mwingereza hana -esha. Anabadilisha neno zima: "borrow" kwa anayepokea, "lend" kwa anayetoa, na wakati uliopita wa "lend" ni "lent", si "lended".

Sasa shika hii, mengine yote unaweza kusahau: ukiandika "borrow", lazima "from" iwe karibu. Ikikataa kukaa, hilo si "borrow", ni "lend". Jaribu na yako. "The Group borrowed Ksh 30,000 from the Member." Imekaa vizuri, sivyo? Na umeona nani anadaiwa? Basi igeuze: "The Member borrowed Ksh 30,000 from the Group." Au uanze na chama: "The Group lent the Member Ksh 30,000." Mojawapo tu, usichanganye. Ukitaka kuficha mtendaji, "The Member was lent Ksh 30,000" ni sawa kabisa, ila "The Member was borrowed" inamaanisha mwanachama mwenyewe ndiye aliyeazimwa, kama sufuria ya matanga. Kinachoweza kuwa "was borrowed" ni zile pesa.

Halafu hiyo habari ya visawe. Yule aliyetunga karatasi ya "maneno ya kuandika kama msomi", zile fotokopi zinazouzwa kando ya kila saiba, ningependa siku moja aweke sahihi mapatano aliyoyaandika kwa maneno yake mwenyewe. Amepanga "borrow, obtain, acquire, take, appropriate" mstari mmoja kana kwamba ni ndizi za mkungu mmoja. "Obtain" na "acquire" ni kupata, basi. Hakuna ahadi ya kurudisha ndani yake. Andika "The Member acquired Ksh 30,000 from the Group" na umefuta deni kwa mkono wako. "Appropriate" ni kujichukulia, mara nyingi bila ruhusa, kwa hiyo hapo umemwita mwanachama mwizi. "Cadge" na "scrounge" ni kudoea. Kisawe kinagusa sehemu tu ya maana, na katika "borrow" sehemu yenye pesa ndiyo ile ya kurudisha, ambayo ndiyo hupotea kwanza. Na mwalimu yeyote wa tuisheni anayefundisha kwamba "borrow" na "lend" ni mamoja, tofauti ni mtindo tu, kama yuko humu ajitokeze, tuna hesabu naye.

Kwenye mapatano kurudia neno si aibu. Rudia "borrowed" mara kumi ukitaka, bora liwe lilelile. Ukibadilisha neno katikati, msomaji atauliza kama ulimaanisha jambo lingine.

Kwenye kulipa andika "repay". "Refund" ni pesa unazorudishiwa na mwenye duka ukirudisha bidhaa, na "return" inafaa zaidi kwa kitu chenyewe, kama hema au viti. Na mkikodisha viti vya chama, angalia: "The Group hired 100 chairs" inamaanisha nyinyi ndio mliolipa. Mkitoa, ni "hired out". "Rent" ndiyo mbaya zaidi, yenyewe huenda pande zote mbili hata kwa Waingereza wenyewe, kwa hiyo taja mwenye mali na mpangaji kwa majina.

Riba pia umeiacha ikining'inia. Umeandika "10% interest" tu, ya nini? Mara moja, mkopo wa 30,000 unarudi 33,000. Kila mwezi kwa miezi mitatu bila riba juu ya riba, ni 39,000. Tofauti ni 6,000, na ugomvi wake ni mkubwa kuliko hizo pesa. Andika "per month" au "for the whole period", kisha uandike jumla yenyewe kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Isitoshe, nani amewaambia lazima iwe Kiingereza? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inataja Kiswahili na Kiingereza vyote kuwa lugha rasmi. "Mwanachama amekopa shilingi 30,000 kutoka kwa Chama" inasomeka na kila mama anayeweka sahihi hapo. Ila hata humo usitumie "ameazima", unajua sasa kwa nini.

Iandike upya uibandike hapa kabla ya Jumamosi. Muhuri usitoke kwa mkoba wa katibu kabla hatujaiona hiyo "from".