Ninyi Mnaoanza na Fripp, Shusheni Kwanza Sauti Inayorudi

Kila kijana anayemgundua Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza King Crimson, hupita njia ileile. Jumamosi ananunua pedali ya lupu, ile inayorudiarudia ulichopiga, Jumapili anatyuni gitaa upya, Jumatatu uzi wa pili umekatika, kodi sita (noti kadhaa zikipigwa pamoja) zimerundikana kwenye lupu, naye anauliza mbona linasikika kama matope. Tumechoka kujibu mmoja mmoja. Haya, sogeeni wote.

1. Kaeni. Fripp anapiga akiwa juu ya stuli tangu mwaka wa kwanza wa King Crimson, 1969. Si pozi. Ukikaa, gitaa halitikisiki na miguu yote miwili inabaki huru kwa pedali.

2. Mkono wa kulia: piki (kibapa cha kupigia nyuzi) chini, juu, chini, juu, hata unaporuka uzi. Metronomu (saa ya mapigo) 60 kwa dakika, noti nne kwa pigo, nyuzi mbili zisizopakana, dakika kumi kila siku. Na msituletee visingizio vya kipaji: huyu bwana wa Dorset ni wa mkono wa kushoto, akajifunza gitaa la mkono wa kulia akiwa na miaka 11, na mwenyewe amekiri kwamba alianza bila sikio la sauti wala la mapigo. Ndiye huyohuyo aliyekuja kutunga “Fracture” ya 1974, ile mvua ya noti zinazoruka nyuzi bila kupumua. Msiiguse mwaka huu.

3. Lupu. Hapa ndipo penye kilio, na hapa hakuna aliyetangulia ambaye mikono yake ni safi.

Kumbukeni mtambo wenyewe ulivyokuwa: mashine mbili za kurekodi, Revox A77, zikiwa pamoja, mkanda mmoja. Mkanda unatoka kwenye rili ya mashine ya kwanza, unapita kwenye vichwa vyake ambapo gitaa linarekodiwa, unavuka hewani hadi mashine ya pili, unasomwa, kisha unavingirishwa huko. Kilichosomwa kinarudishwa kwenye mashine ya kwanza na kurekodiwa tena pamoja na noti mpya. Watunzi wa Marekani Terry Riley na Pauline Oliveros walishacheza na njia hii miaka ya 1960. Fripp aliipata kwa mwanamuziki mwenzake Brian Eno mwaka 1972, na albamu yao ikatoka 1973. Muda wa marudio ni umbali kugawanya kwa kasi: mkanda ukienda sentimita 19 kwa sekunde, na kati ya kichwa cha kurekodi na kile cha kusoma kuna sentimita 95, noti inarudi baada ya sekunde 5. (Mkipata mashine halisi, ya pili iwe kwenye kucheza tu. Mkiiweka kwenye kurekodi, kichwa chake cha kufuta kitaula mkanda kabla haujasomwa, na mtakaa usiku kucha mkikagua nyaya zisizo na kosa.)

Sasa kosa. Sote tuliwahi kuifungua nobu ya marudio hadi mwisho, tukidhani ndivyo utajiri unavyopatikana: hakuna kinachopotea! Na kweli hakipotei. Kwa sekunde 5, dakika moja ina mizunguko 12. Ongeza noti mbili kila mzunguko na una noti 24 zinazogombania nafasi moja, pamoja na ile uliyokosea mwanzoni, inayorudi kukusalimia kila sekunde 5 kama mdai. Hapo ndipo tulipokosea mara ya pili: tukapiga noti nyingine juu yake ili kuifunika. Nayo ikabaki. Tukaongeza sauti ili ile mpya isikike, marudio yakapita asilimia 100, kila mzunguko ukawa mkubwa kuliko uliopita, mkanda ukajaa, na mwisho wake ukawa mngurumo mmoja ambao hata mtungaji wake hajui ulianzia wapi. Na bado tuliuita majaribio.

Anzeni na marudio ya asilimia 80, yaani kila mzunguko ubaki na asilimia 80 ya sauti ya uliopita. Hapo noti baada ya mizunguko 10 imebaki kama sehemu ya kumi tu, yaani ndani ya sekunde 50 imejiondokea kwa heshima. Kwa asilimia 90, baada ya mizunguko ileile bado theluthi yake ipo. Tofauti ya hizo asilimia kumi ndiyo hewa na matope. Mkikosea noti, toeni mikono, subirini mizunguko minne.

Halafu acheni kodi. Fazi, ile pedali ya kukwaruza sauti, ikipewa noti mbili huzaa jumla na tofauti za mitetemo yake, kwa hiyo kodi ya noti tatu huingia kwenye lupu ikiwa na ukoo mzima. Fripp alilisha mtambo noti moja ndefu kwa wakati, pedali ya sauti ikifunguliwa baada ya piki kugusa uzi. Mgoto wa piki kwenye uzi ukiingia, utagonga kila sekunde 5 kama nyundo. Na solo? Kwenye ziara yake ya 1979, akipiga hata kwenye maduka ya rekodi, alijenga lupu kwanza, akarudisha mkanda nyuma, ndipo akapiga solo juu yake. Kazi mbili, nyakati mbili.

4. Tyuni ya C G D A E G, kutoka uzi mnene. Ndiyo aliyoanza kufundishia Guitar Craft, kozi zake za gitaa, mwaka 1985. Uzi wa pili unapanda kutoka B hadi E: mvutano unaongezeka kwa karibu asilimia 78, ndiyo maana wa 13 (unene kwa elfu za inchi) unakatika. Wa sita unashuka hadi C na kupoteza zaidi ya theluthi ya mvutano, ndiyo maana wa 46 unalegea kama kamba ya kuanikia. Kwa gitaa la umeme jaribuni 9, 11, 16, 26, 38, 56, na mfungue kidogo mfereji wa uzi wa sita kwenye nati, kile kipande kinachoshikilia nyuzi mwanzoni mwa shingo.

5. Ile sauti ya gitaa kwenye “Heroes” ya David Bowie, Berlin, 1977: ni fidibeki, yaani mlio wa ampu (kikuza sauti cha gitaa) unaoutetemesha uzi tena, na Fripp alitia alama sakafuni kwa kila noti. Umbali kutoka ampu ndio unaoamua ni mtetemo upi utafika ukienda sambamba na uzi. Kwa hiyo shikeni noti, sogeeni taratibu, ikishika bandikeni utepe wa gundi sakafuni hapo. Kuongeza geini (nguvu ya ampu) kunaleta mluzi tu.

6. Gitaa mbili za “Frame by Frame”, kwenye albamu ya King Crimson ya Discipline, 1981, yeye na Adrian Belew. Mmoja anazunguka noti 14, mwingine 13. Mliolelewa na ridhimu na solo la pili la dansi mna nafuu hapa kuliko mnavyodhani, ila msimfuate mwenzenu kwa sikio. Mguu ushike pigo la pamoja. Mtakutana baada ya noti 182, ambazo kwa noti nane kila sekunde ni karibu sekunde 23. Aliyepotea anyamaze, asubiri noti ya 183, aingie nayo.