Kisu kipya cha kukunja ni kigumu kufungua na bapa linachezacheza

Ndugu, nimekuelewa: kisu chako kipya cha mfukoni ni kigumu kufungua, na bapa likishafunguka linachezacheza. Ugumu usikutie hofu, kwani tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio, pamoja na kukifungua na kukikunja mara kwa mara, kwa kawaida huupunguza. Kuchezacheza ndiko kunakonitia wasiwasi: kaza skrubu ya maungio kidogo kidogo, kisha, kama kisu kina kufuli ya kushikilia bapa, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, kandamiza mgongo wa bapa juu ya ubao; bapa likijikunja, usikitumie, kirudishe dukani. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam na jasho la mfukoni hutia kutu hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu, hivyo kifute kila jioni. Ukisafiri kwa ndege, usikiweke kamwe kwenye mzigo wa mkononi.