Ruzuku ilitukuta hatuna daftari

Wiki iliyopita msomaji mmoja, katibu wa kikundi cha kujitolea, aliniandikia akiomba nimtumie nakala ya andiko la mradi lililotupatia ruzuku mwezi uliopita, ili "abadilishe majina tu". Simlaumu, kwa kuwa miaka sita iliyopita na mimi niliomba nakala ya namna hiyo, nikabadilisha majina, na fedha zikaja. Balaa letu lilianzia hapo.

Kikundi chetu hutembelea wazee wanaoishi peke yao. Tulianza tukiwa watu kumi na mmoja, kila mmoja akitoa mchango wa mwezi, na michango hiyo ilitosha nauli za watembeleaji na kodi ya chumba kimoja tulichokiita ofisi. Andiko nililoliiga lilihusu mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana, maana ndicho alichokitangaza mfadhili mwaka ule, nami kwa ujanja wangu nikaandika kwamba vijana hao wakishahitimu ndio watakaowatembelea wazee. Niliionea fahari sana sentensi ile. Hata leo nikiisoma naiona imeandikwa vizuri, ingawa haikuwa na chembe ya ukweli.

Fedha zilipoingia, wanachama waliacha kuchanga. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Mmoja alichelewa, mwingine akauliza tunachanga kwa ajili gani ilhali kikundi kina ruzuku, na kufikia mwezi wa nne daftari la ada halikuwa na jina hata moja. Mkataba nao uliruhusu fedha zitumike kwa mafunzo pekee: si kodi, si umeme, si posho ya mratibu. Tukawa na fedha benki na mwenye nyumba mlangoni. Nilimwambia mweka hazina achukue kodi ya miezi mitatu kutoka kasma ya mafunzo, tutairudisha mkupuo wa pili ukiingia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwandikia barua ya kumwagiza, nikatia saini.

Mkupuo wa pili haukuingia, kwa sababu ulisubiri taarifa ya matumizi, na taarifa ile ndiyo iliyomleta mkaguzi wa hesabu. Alikaa mezani kwetu siku mbili na boksi la viatu lililojaa risiti zetu zote. Nakumbuka alivyoinua karatasi moja akaielekeza dirishani, akaigeuza, kisha akaniuliza, "Mwenyekiti, hii ilikuwa ya nini?" Ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto bila wino, na joto na mwanga wa jua huyafuta maandishi yake kadiri siku zinavyopita, nasi boksi tuliliweka juu ya kabati lililopigwa na jua mchana kutwa. Karatasi za namna hiyo zilikuwa kumi na tisa. Hatukuwa tumeiba chochote, lakini jaribu kumweleza mtu hivyo huku umeshika karatasi nyeupe.

Tulitakiwa kurejesha theluthi ya fedha. Mweka hazina alijiuzulu, na maneno yakaenea kwamba yeye ndiye aliyezila. Nilikaa kimya majuma mawili kabla ya kuwaonyesha wanachama ile barua yenye saini yangu. Majuma hayo hajanisamehe, na sidhani kama nina haki ya kumwomba anisamehe. Miaka iliyofuata naipita, kwa kuwa ilikuwa ya kulipa deni na kukaa vikao.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mfadhili, anza na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeyaona kwa macho. Kila risiti itolewe nakala siku hiyohiyo na kuambatishwa kwenye hati ya malipo, na hati hiyo ionyeshe nani aliomba, nani aliidhinisha na nani alilipa, wakiwa watu watatu tofauti. Watia saini wa benki wasiwe mtu na mkewe. Kila mwisho wa mwezi daftari lilinganishwe na taarifa ya benki, na tofauti, hata ikiwa ndogo kiasi gani, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mkataba usome ukitafuta kile ambacho fedha hazitafanya, na uulize habari ya gharama za uendeshaji kabla ya kutia saini. Kuuliza si uroho. Katika ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, taasisi isiyo na kiwango chake cha gharama hizo ilichokubaliana na serikali hiyo iliruhusiwa kudai hadi asilimia 10, na tangu Oktoba 2024 ukomo huo umepandishwa hadi asilimia 15. Wako wafadhili wasiotoa hata senti, na jibu hilo ni heri ulipate mapema, kabla mwenye nyumba hajagonga.

Michango ya wanachama isikome hata ruzuku iwe kubwa namna gani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, taasisi nyingi zilizomtegemea mfadhili huyo mmoja zilifukuza wafanyakazi na kufunga milango ndani ya majuma machache, zikiwemo zilizokuwa na hesabu safi kuliko zetu. Viongozi wenzangu, tunapenda mno kupigwa picha na mfadhili na tunaona haya kumdai jirani mchango wake wa mwezi. Ruzuku tuliyoipata sasa ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kuwatembelea wazee, na mfadhili alipokuja kutukagua aliomba kwanza daftari la michango. Nilimkabidhi likiwa na miezi thelathini isiyorukwa hata mmoja. Nakiri kwamba nilimkabidhi kwa maringo.

Katibu aliyeniandikia anasema tangazo analoliwahi linafungwa Ijumaa. Nimemjibu kwamba nitampa andiko letu zima pamoja na bajeti yake, akinitumia kwanza picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari lao la michango. Leo ni Jumatano, na hajajibu.