Mnauliza, najibu: ofisi ya nyumbani kwenye jua na vumbi la Dodoma

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaofanyia kazi nyumbani, hapa mjini na wilaya za jirani. Wengi mmeniuliza mnunue nini. Nitawavunja moyo kidogo, maana mara nyingi jibu langu ni kuhamisha meza.

Shikamoo mama. Nimepanga Ilazo. Chumba changu cha kazi kina dirisha kubwa la aluminiamu linalotazama magharibi. Ikifika saa tisa alasiri sioni kitu kwenye laptopu, na joto halivumiliki. Ninunue kiyoyozi? – Mhasibu

Marahaba mwanangu. Kiyoyozi kisubiri kwanza. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huzama upande huohuo wa magharibi mwaka mzima, likisogea kidogo tu huku na huku. Dirisha lako halina likizo. Kama una chumba kinachotazama kaskazini au kusini, hamia huko hata kiwe kidogo, hiki kifanye stoo.

Kama hakuna pa kuhamia, zuia jua kabla halijafika kwenye kioo. Pazia la ndani, hata likiwa zito, litakupunguzia mwanga zaidi kuliko joto, kwa sababu jua likishapita kioo joto lake limeshaingia. Tundika pazia la mianzi au turubai jepesi kwa nje, na ulifunge chini vizuri. Upepo wa huku unaujua. (Wagogo walijenga tembe: kuta nene, paa la udongo, matundu madogo. Sisi tumekuja na vioo ukuta mzima, halafu tunalalamikia joto.)

Meza igeuze ili dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa mbele litakuumiza macho, likiwa mgongoni litang'aa kwenye laptopu.

Niko Nzuguni. Mwenye nyumba hataki msumari wala rangi mpya, na kuta zimefubaa. Nitafanyaje chumba kiwe changu? – Mpangaji

Ziache kuta zake. Chako ni kile utakachoondoka nacho siku ya kuhama, kwa hiyo pesa iende huko: taa, mkeka na rafu.

Taa ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote. Wapangaji wengi wana balbu moja nyeupe katikati ya dari, nayo hukifanya chumba kifanane na zahanati. Tafuta taa ya mezani yenye mwanga wa njano, na usiku uzime ile ya juu. Halafu mwambie seremala akupigie rafu pana ya mbao, inayosimama yenyewe bila kugongwa ukutani. Picha ziegemezwe humo. Kile kitenge ulichokinunua ukaogopa kukishona, kitandaze juu ya kabati lililochakaa.

Kuhusu picha zenyewe, napendelea ulizopiga mwenyewe. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, haiko mbali. Nenda Kolo, chukua mtu wa kukuongoza, piga picha, uzisafishe kwa ukubwa wa kutosha. Mabango ya maneno ya kutia moyo yanayouzwa madukani sitayasemea, najua wengine mnayapenda.

Babu aliniachia ilimba, ile ala ya Kigogo ya ubao na vyuma inayopigwa kwa vidole. Nafanya kazi na kampuni ya Dar es Salaam na vikao vyetu ni vya mtandaoni. Nikiiweka ionekane, wenzangu watadhani ni vitu vya uganga. Niifiche? – Kijana wa Bahi

Uifiche kwa nini? Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huuhuu aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba na zeze, na Wazungu walikata tiketi kwenda kumsikiliza. Wewe unayo bure nyumbani, unaona aibu.

Ila itunze. Isikae panapopigwa na jua la dirishani, maana kiangazi cha huku hukausha ubao hadi ukapasuka. Vyuma vyake vifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, jasho la vidole huleta kutu. Wala usiitundike juu sana kama pambo la hotelini. Iweke rafuni, mkono unapofika, ili kati ya kazi moja na nyingine uipige kidogo. Mwenzako akiuliza kikaoni, mpigie.

Kila mmea ninaouweka ofisini unakufa, na namwagilia kila siku! – Mama wa Kisasa

Ndiyo maana unakufa, dada yangu. Maji ya kila siku huozesha mizizi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani mvua yenyewe haifiki milimita 600 kwa mwaka. Chagua mimea iliyozoea shida: shubiri, au sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama wima. Chungu kiwe na tundu chini. Chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu usimwagilie. Majani yafute vumbi.

Vumbi je? – Chang'ombe

Fungua madirisha alfajiri, yafunge upepo ukianza kuvuma. Usifagie kukavu, piga deki. Laptopu ifunike usiku.

Sauti yangu inajirudia vikaoni, wenzangu wanasema kama niko bafuni. – Iyumbu

Ni marumaru na kuta tupu. Tandika zulia, weka pazia zito, rafu ya vitabu iwe nyuma yako. Nguo zikining'inia pia husaidia, ila kamera isizione.

Nafanyia kazi meza ya chakula, sebuleni. Mama mkwe amekuja kutoka Mpwapwa, na akiniona nimekaa anajua sina kazi. Ananituma sokoni katikati ya kikao. – Naomba jina lisitajwe

Hapo hakuna pambo litakalokusaidia. Mwambie mumeo aongee na mama yake, jioni, kwa adabu, aeleze kwamba mshahara wako unatoka kwenye hiyo meza. Asikuachie wewe kazi hiyo.

Kisha mpe mama alama anayoweza kuiona: ukitandika kitambaa fulani mezani, uko kazini, ukikikunja, umetoka. Keti ukitazama ukuta, mgongo kwa televisheni. Laptopu iinue kwa vitabu hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho, na utafute kibodi ya pembeni. Kiti cha kulia chakula kiwekee mto mgongoni. Na asubuhi, kabla hujatandika hicho kitambaa, mwamkie mama, mnywe chai pamoja, umuulize anahitaji nini sokoni.